Kiswahili Kilichovaa Kinyago: Majibu kwa Wabunifu wa Lugha na Dunia

Barua nyingi za safari hii zimetoka Kanda ya Ziwa, kwa watu wanaotumia jioni zao kubuni lugha na nchi zisizo kwenye ramani yoyote. Tumejibu sita.

SWALI: Nimeunda lugha yenye maneno 600. Nilimwonyesha kaka yangu sentensi "Kazomuteda lufe nana", yaani "nilimpiga picha mama". Akaifumbua kwa dakika tano, akasema ni Kiswahili nilichokibadilishia herufi tu. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Nyegezi)

JIBU: Kaka yako amesema kweli, na ushahidi umo ndani ya neno lenyewe. *Ka-* ni "ni", *-zo-* ni "li", *-mu-* ni "m", *-teda* ni "piga". Kila kipande kimekaa palepale kinapokaa cha Kiswahili. Zaidi ya hapo, umeazima hata "kupiga" picha, na hapo hakuna anayechapwa. Waswahili hupiga picha, simu, pasi, mswaki, hodi na magoti kwa sababu za historia ya Kiswahili. Watu wako wameyapata wapi hayo?

Anza na mipaka ya maana. Chukua vitenzi 30 vya kila siku, chini ya kila kimoja andika sentensi nne au tano, kisha amua upya zipi zikae nyumba moja. Mfano "sikia": nasikia sauti, nasikia harufu, nasikia njaa, nasikia baridi. Lugha yako inaweza kuweka sauti na harufu pamoja, maana zote huletwa na upepo, na njaa na baridi ikazipa kitenzi kingine kwa kuwa hukaa mwilini. Fanya vivyo hivyo kwa nomino. "Mkono" wetu huanzia begani ukaishia kwenye vidole. Lugha nyingine huukata mara mbili. Utajua umefaulu siku neno moja la Kiswahili litakapohitaji matatu ya kwako, na moja la kwako likahitaji mawili ya Kiswahili.

Kwenye kamusi usiandike "pola = sikia". Andika "pola: kufikiwa na kitu kilicholetwa na upepo, sauti, harufu, moshi". Kamusi ya neno moja kwa neno moja hurudisha Kiswahili ndani kimyakimya, hata kama sauti zako ni ngeni kiasi gani.

Baada ya hapo shika sarufi. Tafuta jambo moja ambalo Kiswahili hukulazimisha kulitaja, ulifute. Kisha jambo moja ambalo hakikulazimishi kulitaja, uliweke. Kiquechua cha Cuzco, Peru, kina kiambishi *-mi* kwa jambo ambalo msemaji analijua mwenyewe, na *-si* kwa lile aliloambiwa. Sasa fikiria asubuhi kwenye mwalo wa Kirumba, mtu anakuja akisema "mtumbwi umezama". Kila mtu atamuuliza: umeona au umesikia? Katika lugha yenye viambishi hivyo, jibu limeshatamkwa kabla ya swali, na mwongo lazima adanganye mara mbili. Jambo moja la namna hii likishikwa bila kulegezwa hubadilisha hadithi kuliko maneno mapya 300. Matatu kwa mpigo ni mengi kwa lugha ya kwanza. Utavisahau viambishi vyako ukifika ukurasa wa pili.

Hayo maneno 600 usiyatupe. Yafanye ghala la mashina, uwe unachota unapohitaji.

SWALI: Niwe na maneno mangapi ndipo nianze kuandika hadithi? (Msomaji, Misungwi)

JIBU: Anza na 150. Toki Pona, lugha iliyobuniwa na Sonja Lang mwaka 2001, ina maneno kama 120 na watu huandikiana barua kwayo. Kijitabu cha kwanza cha Kiesperanto, lugha nyingine ya kubuniwa, alichokitoa mbunifu wake Zamenhof mwaka 1887, kilikuwa na mizizi 900 hivi. Kiambishi *mal-* kiliubeba mzigo mkubwa: *bona* ni nzuri, *malbona* mbaya, *varma* ni ya moto, *malvarma* baridi. Kiambishi kimoja cha hivyo hukuokolea makumi ya maneno.

Wala usiogope kuishiwa. Konsonanti 12 na irabu 5 hutoa silabi 60, ukijumlisha irabu zinazosimama peke yake ni 65. Maneno ya silabi mbili tayari ni 65 × 65, yaani 4,225. Ukiwa na irabu saba, kama Kisukuma, silabi zinakuwa 91 na maneno 8,281. Tumia robo tu, ili maneno yasifanane mno masikioni.

SWALI: Lugha yangu ya kale imezaa lugha mbili, ya kisiwani na ya bara. Nimebadilisha sauti ili zitofautiane, lakini zinaonekana kama nimebahatisha. Nifuate utaratibu gani? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Zinaonekana hivyo kwa sababu umebadilisha neno mojamoja, ukaacha yale uliyoyapenda. Mabadiliko ya sauti hayana upendeleo: hupita kwenye kila neno lenye mazingira yake. Kiswahili chenyewe kimebeba makovu hayo. Pika hutoa mpishi, iba hutoa mwizi, penda hutoa mpenzi, fuata hutoa mfuasi. Irabu ya *i* mwishoni ililainisha konsonanti iliyoitangulia, ndiyo maana hatusemi "mpiki" wala "mfuati".

Kinachotenganisha lugha ndugu mara nyingi ni mpangilio wa kanuni. Tuseme lugha ya kale ina *tuki*, mtumbwi, na wingi wake *tukina*. Una kanuni mbili: (1) *i* ya mwisho wa neno hudondoka; (2) *k* iliyo mbele ya *i* huwa *ch*. Kisiwani ilianza ya kwanza: *tuki* ikawa *tuk*, na kwa kuwa *i* imeshaondoka, kanuni ya pili haina cha kushika. Lakini *tukina* bado ina *i* yake, hivyo ikawa *tuchina*. Bara ilianza ya pili: *tuki*, *tuchi*, halafu *tuch*, wingi *tuchina*. Kanuni zilezile, ila watu wa kisiwani wamepata umoja na wingi visivyolingana, *tuk* na *tuchina*, bila wewe kukibuni kioja hicho kwa mkono. Neno litakaloazimwa baada ya kanuni ya pili kupita litabaki na *ki* yake, na msomaji makini atajua kuwa lilikuja na wafanyabiashara.

Ilaze kaunta buku yako kwa upana. Safu ya kushoto iwe na maneno 50 ya kale, kila safu inayofuata iwe ya kanuni moja, na usihamie kanuni ya pili kabla hujamaliza maneno yote 50. Kanuni tano hadi nane kwa kila lugha zinatosha. Zikizidi, maneno huanza kugongana: *tuki* na *tuke* yote huishia *tuk*. Yakigongana usirudi nyuma kuokoa moja kwa siri. Acha wasemaji wenyewe waongeze neno, waseme "tuk wa maji".

Wanaofanya kazi hii kwenye kompyuta kwa amri ya kutafuta na kubadilisha, angalieni mtego huu. Ukigeuza kila *p* kuwa *f*, kisha kila *f* kuwa *h*, basi *p* zako zote zimekuwa *h*. Kama ulitaka zile *f* za asili tu ziwe *h*, tangulia na hizo.

SWALI: Nimechora herufi 28 za kwangu. Nikiandika haraka hata mimi nashindwa kuzisoma. (Msomaji, Sengerema)

JIBU: Herufi nyingi za kubuni huchorwa polepole kama nembo, kisha zikifika kwenye mkono wa haraka zinafanana. Jipime: jaza ukurasa kwa dakika 10, uufungie siku tatu, ndipo uusome. Zile zinazochanganyika, badilisha moja kati ya kila mbili. Mistari mitatu kwa herufi inatosha, na kalamu isinyanyuke zaidi ya mara moja. Mfalme Njoya wa Wabamum, Kamerun, alianza mwishoni mwa karne ya 19 na alama zaidi ya 400. Akazipunguza awamu kwa awamu hadi kufikia 80 hivi mwaka 1910. Huo si uvivu. Ndivyo maandishi yanavyokomaa.

Kwa kompyuta, FontForge ni programu ya bure ya kutengenezea fonti, na Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta na simu, imetenga nafasi 6,400 za matumizi binafsi katika eneo lake la msingi. Lakini rafiki yako asiye na fonti hiyo ataona visanduku vitupu, kwa hiyo mtumie picha au PDF. Maandishi ya Adlam ya Kifulani, yaliyobuniwa na ndugu wawili wa Guinea mwaka 1989 wakiwa bado watoto, yaliingia rasmi Unicode mwaka 2016.

SWALI: Nchi yangu ina ziwa kubwa, mito mitatu inayotoka humo, na mashujaa wanaolivuka kwa siku moja. Wenzangu wanasema ramani haisimami. Kwa nini? (Msomaji, Nansio)

JIBU: Chungulia dirishani kwako. Kagera, Mara, Simiyu na Nzoia zote huingia Victoria. Unaotoka ni mmoja, Nile, pale Jinja. Maji hutafuta ukingo ulio chini kuliko kwingine, na yakishapita huuchimba ukazidi kushuka. Mahali pa pili panakauka. Ukitaka ziwa lisilo na mto wa kutoka kabisa, inawezekana, ila maji yatakuwa ya chumvi au magadi kama Natron na Eyasi, na hapo sato na sangara wako wamekwisha.

Safari sasa. Mtumbwi wa kasia, kilomita 5 kwa saa, saa 8 za kazi, ni kilomita 40 kwa siku. Victoria ina upana wa takriban kilomita 240. Hizo ni siku sita kwenye maji matupu, kwa hiyo mtu mwenye akili hufuata ufuko na kulala visiwani. Visiwa vyako vikae umbali wa siku moja moja. Ndipo vitapata vijiji, ushuru na ugomvi bila kulazimishwa. Usisahau upepo: usiku hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na radi nyingi hupigia majini kabla ya alfajiri, mchana upepo hugeuka.

Umeandika pia kwamba kuna miezi miwili angani, kisha hukuigusa tena. Hapo ndipo penye mali. Wavuvi wa dagaa huvutia samaki kwa taa, iwe karabai au sola, na mbalamwezi ikikolea kazi husimama, kwa kuwa mwanga wa taa hauna nguvu tena. Tuseme kila mwezi wako huharibu theluthi moja ya usiku. Usiku wenye giza la kutosha unabaki 2/3 × 2/3, yaani minne katika kila tisa. Kama mmoja huzunguka kwa siku 30 na mwingine kwa 20, mpangilio hujirudia kila baada ya siku 60. Madeni ya wavuvi, harusi na bei ya dagaa vitapanda na kushuka kwa mzunguko huo, si kwa mwezi wa kalenda yetu.

SWALI: Je, watu wa dunia yangu wanaweza kuhesabu saa kama sisi, saa moja ikiwa asubuhi? (Msomaji, Magu)

JIBU: Wanaweza kama wanaishi karibu na ikweta. Mwanza iko nyuzi 2.5 hivi kusini, jua halihamihami sana mwaka mzima, ndiyo maana saa moja yetu haitudanganyi. London, jua la Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, la Desemba baada ya saa mbili asubuhi. Nchi yako ikiwa mbali hivyo, wape utaratibu wa Warumi wa kale: mchana ugawanywe saa 12 kila siku, na saa yenyewe irefuke kiangazi, ifupike wakati wa baridi. Kisha amua kibarua alipwe kwa saa ipi.