Daftari la walinzi si RB

Habari mdau. Kama nimekuelewa, simu na laptop vimeibwa chumbani hosteli, walinzi wa chuo wameandika kwenye daftari lao, na sasa wanakwambia usubiri. Usisubiri. Cha kwanza, je, una RB ya polisi, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao? Kama huna, huko kituoni hakuna anayejua umeibiwa. Nenda leo kituo cha karibu. Huhitaji ruhusa ya mshauri wa wanafunzi. Na RB haiuzwi, askari akikuomba "ya soda" jifanye hujasikia.

Ukifika sema umeibiwa. Ukisema "nimepoteza" utaishia kupewa loss report (taarifa ya kupotelewa), ambayo inakusaidia mambo kama kurudisha laini, upelelezi hakuna. Beba risiti, serial namba ya laptop na IMEI ya simu, ile namba yake ya utambulisho. IMEI itafute kwenye boksi, maana kuipata kwa kubonyeza *#06# kunataka simu yenyewe. Laini kama bado iko hewani, ifungishe kabla hata ya kwenda polisi, pesa za kwenye simu ndizo huondoka mapema.

Nilipoibiwa mimi, kilichosogeza jambo ni kupata jina la mpelelezi na kumfuata mwenyewe. Fidia ya chuo sina uzoefu nayo, waulize serikali ya wanafunzi.