Sumaku, vibanio na saa ya mkononi: maswali yenu kuhusu kufungasha kwa safari ya meli

Meli za kitalii za Ghuba hufanya kazi zaidi kuanzia Novemba hadi Aprili, joto likiwa limepungua, na barua za mwezi huu nyingi zinauliza kitu kimoja: nifungashe nini ambacho sikukifikiria? Tumechagua tano.

Nimekata tiketi ya usiku saba, kutoka Dubai kwenda Doha na Muscat na kurudi. Rafiki yangu aliyewahi kusafiri hivyo anasema kabla ya kitu kingine ninunue kulabu za sumaku. Sumaku za kazi gani melini? — Msomaji, Sharjah

Rafiki yako amekushauri vizuri, dada. Kuta za vyumba vya meli nyingi ni mabamba membamba ya chuma yaliyofunikwa kwa rangi au plastiki, na mara nyingi dari pia ni chuma. Chumba chenyewe ni kidogo, na mahali pa kutundika nguo ya kuogelea iliyolowa, kofia, mkoba au baibui ya kesho ni pachache mno. Kulabu sita hadi nane zinawatosha watu wawili. Meli chache zimepambwa kuta kwa mbao, kwa hiyo jaribu moja kwanza kabla ya kuzitoa zote.

Uwe makini na namba zilizoandikwa kwenye boksi. Likisema kilo 10, kipimo hicho kimechukuliwa kwa kuvuta sumaku moja kwa moja kutoka kwenye chuma kinene kisicho na rangi. Ukutani mzigo huvuta kwenda chini, na sumaku huteleza kabla ya kubanduka. Hesabu robo ya kilichoandikwa, au chini ya hapo. Kulabu ya kilo 10 ipe kofia na leso, begi la mgongoni liweke chini. Bandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye uso wa sumaku ili isikwaruze rangi, na ndani ya begi zikutanishe mbili mbili, uso kwa uso, zisije zikang'ang'ania kila kitu cha chuma kilicho karibu. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kifuani asizishike.

Darini utaona vichwa vidogo vya kunyunyizia maji wakati wa moto. Vinatamanisha kutundikia hanga, lakini usithubutu. Kikivunjika, maji hutoka kwa nguvu, wewe huwezi kuyafunga, na chumba chako na cha jirani vitalowa hadi mabaharia wafunge bomba.

Pamoja na kulabu, chukua vibanio vya nguo kama kumi. Viwili vinabana mapazia yasiache mwanya wa jua la alfajiri, vinne vinashika taulo kwenye kiti cha sitahani upepo usilibebe (meli nyingi hutoza taulo la bwawani likipotea), na vilivyobaki ni vya kuanikia. Bafu nyingi zina kamba ndogo inayovutwa kutoka ukutani, wengi hawaioni. Leso mbili zitakufaa kuliko nguo yoyote ya pwani ya dukani: hukauka usiku mmoja, ni za kujifunika ukitoka bwawani kwenda kula, kwani nguo ya kuogelea iliyolowa hairuhusiwi mkahawani, na ni za kutandika.

Kama chumba chenu ni cha ndani kisicho na dirisha, ongeza mshumaa wa betri. Ukizima taa humo, giza ni la kaburini hata saa sita mchana, na mlango wa bafu una kizingiti kilichoinuka ambacho watu hujikwaa usiku. Mshumaa wa moto wa kweli utachukuliwa mlangoni.

Tunaondoka Nairobi watu wanne kwenda kupanda meli Barcelona. Nimeambiwa nisibebe ekstensheni. Sasa simu nne, saa mbili na kamera tutachaji vipi? — Msomaji, South B

Ulichoambiwa ni kweli, na kisa ni umeme wa meli wenyewe. Nyumbani kwako, waya mmoja wa soketi una umeme na mwingine umeunganishwa na ardhi. Kwenye meli, mfumo kwa kawaida haukuunganishwa na mwili wa meli, ili hitilafu moja isizime mitambo katikati ya bahari. Matokeo yake ni kwamba waya zote mbili zinaweza kuwa na umeme. Ekstensheni yenye kinga ya umeme unaopanda imetengenezwa kwa ajili ya umeme wa nyumbani: swichi yake hukata waya mmoja tu, na vipande vya kinga vilivyo kati ya waya na ardhi vinaweza kupata moto hadi kuwaka endapo hitilafu itatokea kwingine melini. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari juu ya hili mwaka 2013. Siku hizi kampuni nyingi hukataa hata ile ya kawaida isiyo na kinga. Mashine ya kukagulia mizigo itaiona, na utairudishiwa siku ya kushuka.

Beba hivi: chaja moja yenye matundu manne au sita ya USB, inayochomekwa moja kwa moja ukutani bila waya mrefu. Soma maandishi madogo nyuma yake, yawe 100–240V. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kwenye soketi za meli nyingi, ambazo huwa za Ulaya za miguu miwili ya mviringo, za Marekani, au zote mbili. Meli zinazohudumia soko la Uingereza ndizo huwa na zinazofanana na zetu. Chukua adapta mbili za Ulaya na moja ya Marekani, ziwe zile nyepesi za kugeuza umbo la plagi tu. Zile nene zenye fyuzi na kinga ndani huhesabiwa sawa na ekstensheni.

Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), na ndege huruhusu hadi Wh 100 kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Pasi, birika la umeme na mashine ya mvuke ya kunyoosha nguo viacheni nyumbani. Gauni lililokunjamana litundike bafuni mkioga maji ya moto. Kama kuna anayelala na mashine ya kumsaidia kupumua, iandikie kampuni wiki kadhaa kabla. Nyingi huleta ekstensheni yao na maji yaliyokenekwa (distilled) chumbani.

Mimi na mume wangu tunapenda kuswali kwa wakati. Je, dira ya kibla inafanya kazi baharini? Na vyoo vya meli vina maji? — Mama wa Mombasa, sasa Muscat

Mama, dira ndogo na ile ya kwenye simu hutegemea usumaku wa dunia. Ndani ya sanduku la chuma hukosea, na karibu na kulabu tulizozitaja juu ndiyo kabisa. Tumieni hesabu. Televisheni ya chumbani kwa kawaida ina chaneli inayoonyesha ramani na mwelekeo wa meli kwa digrii. Kabla ya kuondoka, andikeni kwenye karatasi digrii za kibla za kila bandari mtakayopita: Dubai ni kama 258, Muscat kama 266. Kisha toeni mwelekeo wa meli kwenye namba ya kibla. Tuseme mnakaribia Muscat na omo, yaani mbele ya meli, inaelekea digrii 150: 266 kutoa 150 ni 116, basi kibla iko digrii 116 upande wa kulia mkitazama omo, yaani ubavuni na kurudi kidogo kuelekea tezi (nyuma ya meli). Jibu likiwa chini ya sifuri, hesabuni kushoto. Omo iko upande gani wa chumba chenu? Ramani ya dharura iliyobandikwa nyuma ya mlango inaonyesha. Angalieni upya kabla ya kila swala, hasa karibu na bandari ambako meli hugeuka mara kwa mara.

Vyoo ni suala jingine. Meli nyingi zilizoundwa Ulaya hazina mpira wa maji chooni. Chukueni chupa laini ya nusu lita yenye mdomo uliopinda, mjaze kwenye sinki. Msijaribu kutumia karatasi zenye unyevu badala yake. Choo cha meli hufyonza kwa hewa, kwa kama lita moja tu ya maji, kupitia mabomba membamba yanayounganisha vyumba kadhaa. Karatasi zile haziyeyuki, na moja iliyokwama inaweza kufunga vyoo vya majirani zenu wote.

Bebeni pia sabuni ya karatasi mfukoni kwa vyoo vya bandarini. Dawa ya mikono yenye spiriti haikiwezi vizuri kirusi cha noro, ambacho ndicho husambaza kuhara na kutapika melini. Maji na sabuni kwa sekunde 20 ndiyo kinga.

Mama yangu anakuja kutoka Mwanza na nitampeleka Karibi kwa meli kutoka Miami. Ana miaka 66. Nimwambie alete nini? — Msomaji, Minneapolis

Kwanza, kadi ya manjano. Tanzania haimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, lakini baadhi ya nchi hutumia orodha zao wenyewe, kwa hiyo uliza kampuni ya meli kama kisiwa chochote mtakachopita kinadai cheti kwa mtu aliyetoka huko. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchomwa. Kama alichanjwa zamani na kadi inasema miaka kumi, bado inafaa: tangu tarehe 11 Julai 2016 kanuni za kimataifa zinaihesabu kuwa ya maisha yote. Kama hajawahi, aliyevuka miaka 60 aonane na daktari kwanza, kwa kuwa madhara makubwa ya chanjo hii, ingawa ni nadra, huwapata zaidi wenye umri huo.

Pili, viza. Meli ikitoka Miami kwenda Bahamas, mama ametoka Marekani. Kwenye viza, palipoandikwa idadi ya kuingia, tafuta herufi M, yaani mara nyingi. Ukikuta namba 1, uliza kabla ya kulipa.

Tatu, asilete nguo ya madoa ya kijeshi, hata kofia au mkoba wa mjukuu. Barbados, Jamaika, Trinidad na Saint Lucia zinaikataza kwa raia na wageni.

Kuhusu kulevywa na bahari, sinarizini, ambayo wengi huijua kwa jina la Stugeron, haiuzwi Marekani, hivyo ainunue kwao ikiwa ameizoea. Maelekezo ya kawaida ya mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 15 saa mbili kabla ya safari, kisha kimoja kila baada ya saa nane. Anayekunywa baada ya kuanza kutapika amechelewa. Husinziza, na mwenye ugonjwa wa Parkinson asiitumie. Kwa umri wake amwonyeshe daktari dawa zake nyingine. Dawa zote zikae kwenye boksi lake pamoja na karatasi ya daktari, na ziongezwe za siku tano. Chumba kikiwa sitaha za chini, katikati ya meli, hatayumba sana.

Kwa nini watu wanasema nivae saa ya mkono wakati nina simu? — Msomaji, Dar es Salaam

Simu hujibadilisha saa yenyewe ikinasa mtandao wa bandari, wakati meli inaweza kubaki na saa yake. Tofauti ya saa moja inatosha kukuacha ufukweni. Machi 2024 abiria wanane waliochelewa kurudi kutoka matembezini waliachwa kisiwani São Tomé, wakalazimika kupita nchi kadhaa kuifuata meli. Nunua saa rahisi, irekebishe kwa saa ya meli siku ya kwanza, uiache hivyo hadi ibadilishwe rasmi. Ukishuka, beba nakala ya pasipoti, kadi ya benki, dawa za siku mbili na namba ya wakala wa bandari, ambayo kwa kawaida huchapishwa kwenye ratiba ya siku.

Simu iweke hali ya ndege tangu meli inapong'oa nanga. Mtandao wa satelaiti wa melini huinasa bila kuuliza, na gharama zake hazimo kwenye vifurushi vya kawaida.

Siku ya kupanda, begi kubwa hupokewa gatini na huenda lisifike chumbani hadi jioni, kwa hiyo pasipoti, dawa, chaja na nguo ya kuogelea viwe mkononi. Usiku wa mwisho mambo hugeuka: mabegi hutolewa nje ya mlango kabla ya kulala na hutayaona tena hadi gatini. Bakiza nguo za asubuhi, za ndani zikiwemo, na viatu.