Rais Aliyekula Chakula cha Wateja: Majibu ya Barua Zenu kuhusu Phil Hartman

Katika toleo lililopita nilimtaja Phil Hartman, mwigizaji wa vichekesho wa Marekani, kwa kupita tu, nilipokuwa nazungumzia wanaoiga sauti za viongozi. Barua zilizokuja baada ya hapo zimenifurahisha sana, na toleo hili nampa nafasi yote. Nimefanya kazi ya sauti katika michezo ya redio tangu ujana wangu, na kwa sisi wa kazi hii huyu ni mtu wa kusomwa kwa makini.

SWALI: Shikamoo bibi. Kwenye simu nimeona video ya rais wa Marekani akiingia mgahawani na nguo za mazoezi, anasalimia watu huku anawalia chakula chao. Niliamini ni Clinton mwenyewe mpaka kaka yangu akanicheka. Huyo mwigizaji ni nani, na alianzia wapi? – Mjukuu wako, kidato cha sita

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Kaka yako asikucheke. Wengi wazima na akili zao walidanganyika kama wewe, na ndiyo sifa ya kazi ile.

Alizaliwa 24 Septemba 1948 mjini Brantford, Ontario, nchini Kanada, akapewa jina Philip Edward Hartmann, lenye herufi n mbili mwishoni. Moja aliiacha baadaye. Alikuwa mtoto wa nne kati ya wanane, na familia ilihamia Marekani angali mdogo. Mwenyewe alipata kusema kwamba nyumbani hakupata mapenzi aliyoyataka, akaanza kuyatafuta kwingine. Siku hizi nikimtazama ananijia yule mtoto wa katikati, anayesubiri zamu yake ya kusikilizwa katika nyumba iliyojaa kelele.

Uigizaji haukuwa kazi yake ya kwanza. Alibeba vyombo vya bendi ya roki, kisha akasomea usanifu wa michoro chuo kikuu huko Northridge, California, akafungua ofisi yake. Kaka yake John alikuwa meneja wa wanamuziki, na Phil akapata kazi ya kuchora majalada ya santuri. Alichora zaidi ya 40, yakiwemo ya bendi za Poco na America, na nembo ya bendi ya Crosby, Stills & Nash ni ya mkono wake. Ukiona ile michoro unajua kwamba angeweza kuishi nayo maisha yake yote, tena vizuri.

Lakini mchoraji hukaa peke yake kutwa. Hartman alijiliwaza kwa kuzungumza mezani pake kwa sauti za watu mbalimbali, hamna wa kumsikia. Ndipo mwaka 1975 akaenda kujiunga na madarasa ya jioni ya kundi la The Groundlings mjini Los Angeles, kundi linalofundisha kuigiza papo kwa papo, bila maandishi. Alichofuata hasa ni watu wa kuwa nao. Umaarufu haukuwa hesabu yake wakati ule.

Huko alikutana na Paul Reubens, wakamtengeneza pamoja Pee-wee Herman, yule mhusika wa vichekesho aliyechezwa na Reubens, na Hartman akawa mmoja wa waandishi wa filamu ya Pee-wee ya mwaka 1985. Kabla ya filamu hiyo kufanikiwa alikuwa amefikia kutaka kuacha uigizaji kabisa. Alikuwa na miaka 36. Oktoba 1986 akaingia kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live cha New York, kile kinachorushwa moja kwa moja Jumamosi usiku, akiwa ametimiza 38. Umri huo nautaja makusudi, kwa sababu kila mwezi napata barua ya kijana wa miaka 24 anayeniambia muda umempita.

Alikaa pale misimu minane, vipindi 153, na hadi anaondoka mwaka 1994 hakuna mwigizaji aliyekuwa amefanya vingi kumpita. Wenzake walimwita Gundi. Kichekesho kikianza kulegea mbele ya watazamaji, yeye ndiye aliyekishika kisiachane. Alikuwa tayari kucheza mtangazaji wa sekunde kumi, baba wa nyumbani, mwanasheria aliyetoka kwenye barafu ya zama za mawe, chochote ambacho onyesho lilihitaji. Mwaka 1989 yeye na waandishi wenzake wa kipindi walipewa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani.

SWALI: Mama, mimi naiga watu. Naiga walimu, wachungaji, wanasiasa, na sauti inatoka sawasawa, watu wanapiga makofi. Lakini baada ya dakika moja wanarudi kwenye simu zao. Hao wakubwa wanafanyaje mpaka watu wanakaa nao dakika saba? – Kijana wa jukwaani

JIBU: Mwanangu, hili ndilo swali nililokuwa nalingoja, na jibu lake lina urefu kidogo.

Kuiga sauti ni kuomba ruhusa ya kuingia. Ukishaingia, watu wanataka kujua umekuja kufanya nini. Dakika moja inatosha kabisa kwa mshangao wa "loo, kama yeye!" Kuanzia dakika ya pili lazima mtu huyo awe na haja, atake kitu, na watazamaji wamwone akikitafuta.

Chukua Clinton wa Hartman. Kwanza angalia alichokiacha. Clinton ana pua kubwa, na njia rahisi ilikuwa kumbandika pua ya bandia. Hartman akaikataa, akiona ingewatoa watu kwenye mchezo wakawa wanatazama pua. Akavaa wigi, akazipaka nyusi rangi nyepesi, na pua yake mwenyewe akaikoleza kwa vipodozi tu. Kwenye sauti alichukua vitu viwili: ule ukwaruzo mdogo, na ule uzito wa mtu ambaye mafua hayajamtoka vizuri. Mikono akaiachia wazi, viganja vikionekana, mikono ya mtu anayetaka umpende. Basi. Waigaji wengi huchukua vitu kumi na kuvitia chumvi vyote.

Sasa tuje kwenye ile video. Ni Desemba 1992. Clinton ameshinda uchaguzi lakini hajaapishwa. Anaingia mgahawa wa McDonald's akitoka kukimbia, na walinzi wake pamoja naye, na mlinzi anamkumbusha kwamba mkewe ameomba asipelekwe tena sehemu kama hizi. Anazunguka meza kwa meza. Anauliza mtu hali ya biashara yake, na wakati mtu anajibu, mkono wa rais umeshafika kwenye chipsi zake. Hamtazami chipsi hata mara moja. Macho yako kwa mpiga kura, yamejaa huruma ya kweli, na mdomo unatafuna.

Kisha mteja mmoja anamwuliza kuhusu Somalia. Kumbuka hizo zilikuwa siku za njaa kubwa kule, na askari wa Marekani walitua Mogadishu siku chache tu baadaye. Rais anaeleza, na kama mwalimu mzuri anatumia mifano iliyopo mezani. Hiki hapa ni chakula cha msaada kutoka nchi fulani, na hawa wababe wa kivita wanakipora njiani, anakitia mdomoni. Nchi nyingine inatuma tena. Hicho nacho kinaporwa, kinamezwa. Kila msaada unaishia kwa wababe, na wababe wote wako tumboni mwa rais. Maelezo yenyewe ni sahihi, ungeweza kuyasoma kwenye taarifa ya habari! Mwenye chakula anatikisa kichwa kwa kuelewa, na sahani yake inabaki tupu.

Mimi nimekitazama kichekesho hicho nikiwa na mashaka, kwa sababu njaa ya watu si kitu cha kuchezea, na wale ni majirani zetu. Lakini tazama kicheko kinamwangukia nani. Hakimgusi mwenye njaa hata kidogo. Kinamwangukia mkubwa anayezungumzia njaa kwa ufasaha huku anakula cha mwenzake. Na Hartman anamcheza kwa mapenzi. Clinton wake si mwongo. Anaamini kila neno na bado ana njaa. Haja zote mbili ni za kweli, ya kupendwa na ya kula, nazo zinapigania mwili mmoja. Hicho ndicho kilichowaweka watu dakika zote zile, mwanangu, na sauti ilikuwa mlango tu. Clinton halisi naye alimtumia Hartman picha yenye sahihi yake, na maneno ya kumwambia kwamba yeye si rais ila anamwigiza kwenye televisheni, na kwamba kwa kiasi kikubwa hana neno naye.

Zoezi nililowapa wanafunzi wangu, nalo nakupa wewe. Mtazame unayemwiga ukiwa umezima sauti, mpaka ujue mikono yake inafanya nini anapotaka kitu. Halafu msikilize bila kumtazama, mpaka usikie pumzi yake inakatika wapi. Usifungue mdomo kabla ya hapo.

SWALI: Dada, nimepata jina kwa kumwiga kiongozi mmoja tu, na mialiko yote ni kwa ajili yake. Muda wake madarakani unakaribia kwisha. Niogope? – Msomaji

JIBU: Ndiyo, ogopa sasa, wakati bado una nafasi ya kufanya kitu.

Yuko Mmarekani mmoja, Vaughn Meader, aliyekuwa na sauti ya rais John F. Kennedy. Mwaka 1962 ilitoka santuri yake ya vichekesho juu ya familia ya rais, ikauzwa kwa mamilioni, ikapewa Grammy, tuzo ya santuri, ya albamu bora ya mwaka. Kisha ikaja 22 Novemba 1963, Kennedy akapigwa risasi Dallas. Santuri zikaondolewa madukani, mialiko ikakatika. Meader alikuwa na miaka 27. Aliishi hadi 2004 na hakurudi tena pale alipokuwa. Kipaji hakikumtoka, watu hawakuweza tu kuisikia sauti ile bila kuumia.

Hartman alimwiga rais Ronald Reagan, akamwiga Clinton, akamwiga mwimbaji Frank Sinatra, na kati yao akawa na watu wa kubuni ambao hawakuwa na kiongozi yeyote nyuma yao. Dada yangu, anza na mmoja wa kubuni. Mtoe kwenye basi, sokoni, kwa jirani, kokote. Yeye hatashindwa uchaguzi.

SWALI: Nimesoma kwamba mwigizaji huyo aliuawa na mkewe. Ni kweli? Na je, ni vibaya kuendelea kumcheka? – Mama wa watoto wawili

JIBU: Ni kweli. Usiku wa 28 Mei 1998, nyumbani kwao Encino, Los Angeles, mkewe Brynn alimpiga risasi akiwa usingizini, na saa chache baadaye akajiua. Hartman alikuwa na miaka 49. Waliacha watoto wawili wadogo, na ndugu wa mama yao ndio waliowalea. Kuna watu wanaoandika kurasa nyingi juu ya usiku ule. Mimi naishia hapo, kwa sababu ya watoto wale, ambao sasa ni watu wazima na wanasoma.

Kumcheka si vibaya hata kidogo. Alifanya kazi ile ili achekwe. Wenzake waliomboleza kwa namna yao: katika katuni ya The Simpsons alikuwa na wahusika wawili wa kudumu, wakili Lionel Hutz na mwigizaji Troy McClure, na baada ya kifo chake wote wawili walistaafishwa, hakutafutwa mtu wa kuiga sauti yake. Katika Futurama, katuni nyingine ya Matt Groening, mtunzi wa The Simpsons, mhusika mkuu, kijana Fry, aliitwa Philip kwa kumbukumbu yake.

SWALI: Bibi, nianze na kipi? – Yule yule wa kidato cha sita

JIBU: Anza na Reagan wa Desemba 1986, wakati kashfa ya serikali yake kuiuzia Iran silaha kwa siri ilipopamba moto na kila mtu akiuliza kama rais alijua au hakujua. Mbele ya wageni ni babu mpole anayesahau maneno. Mlango ukifungwa anakuwa jemadari: anawapangia wasaidizi wake hesabu, anapiga simu kwa lugha za kigeni, anawakaripia kwa kuwa wazito wa kuelewa. Halafu anaingizwa msichana wa skauti kupiga naye picha, na babu anarudi. Tazama mabega yake mlango unapofunguka. Uso unafuata baadaye. Mabega ndiyo yanayozeeka kwanza. Ukimaliza huyo, nenda kwa Sinatra, kisha umtafute katika NewsRadio, mchezo wa vichekesho wa televisheni, alikocheza mtangazaji Bill McNeal kuanzia 1995, na huko hamwigi mtu yeyote. Ukiona kitu cha kuuliza, niandikie.