Homa ya Mtoto Wakati wa Ebola: Daktari Anajibu

Swali: Daktari, mwanangu wa miaka minne ana homa tangu juzi na anatapika. Hapa Kasese, Uganda, watu wanasema kwamba siku hizi za Ebola, ukimpeleka mtoto hospitali anatiwa kwenye hema na humwoni tena. Mama mkwe anataka tuanze kwa mganga. Nifanyeje?

Jibu: Mama, mpeleke leo hii. Homa ya mtoto wa umri huo huenda zaidi ikawa malaria kuliko Ebola, na malaria kali huweza kumuua mtoto ndani ya siku moja, ilhali kipimo chake cha tone la damu hutoa majibu kwa muda wa robo saa hivi. Mlangoni utaulizwa kama amekaa karibu na mgonjwa au amefika kwenye matanga. Sema kweli, kwa maana hata malaria ikionekana, mtoto aliyegusana na mgonjwa wa Ebola bado hana budi kupimwa Ebola.

Neno linalonichosha kuliko yote kila mlipuko unapotokea ni kwamba waliokwenda hospitali ndio waliokufa. Wengi wa hao huletwa wakiwa wamekwisha kuzungushwa kwa waganga na maduka ya dawa, mwili umekauka na figo zimeshindwa kazi. Kifo kinaandikwa kwa jina la hospitali, na mganga anabaki na sifa zake. Katika mlipuko wa Mubende mwaka 2022 walithibitishwa wagonjwa 142, wakafa 55 na kupona 87, ingawa virusi hivyo vya aina ya Sudan havikuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Tegemeo kubwa lilikuwa dripu, chumvi za mwili na uangalizi wa karibu, mambo ambayo husaidia zaidi mgonjwa akiwahi.

Sisemi kwamba hofu haina chanzo. Mwaka 1976, katika hospitali ya Yambuku huko Kongo, sindano zilizorudiwa bila kutakaswa zilieneza Ebola, na katika mlipuko wa Gulu wa mwaka 2000 tulimpoteza Dakta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, pamoja na wauguzi kadhaa. Hilo hema linalowatisha majirani zako limewekwa ili mtoto mwenye malaria asilazwe kando ya mwenye Ebola.

Sasa tazama yanayofanyika kwa mganga. Wembe mmoja unachanja kifua cha mtoto, unapanguswa kwa kitambaa, kisha unamchanja anayefuata kwenye foleni, na unga mweusi unasuguliwa chaleni kwa vidole vitupu. Ebola hupita katika damu na matapishi, na huyo mganga hana glavu, hana daftari la majina, wala hajui aliyemgusa jana alitoka wapi. Duka la dawa linalouza nusu dozi nalo halina nafuu: homa inashuka jioni, mama anatulia, na usiku mtoto anaanza degedege.

Oktoba 2022 Rais Museveni aliwaagiza waganga waache kupokea wagonjwa, na wapo waliolalamika kwamba mila zinaonewa. Sina ugomvi na anayetoa ushauri wa ndoa au wa shamba. Anayewachanja watu wenye homa wakati wa mlipuko aripotiwe siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, au kwa mhudumu wa afya wa kijiji, hata akiwa jamaa yenu, ili waliopita mikononi mwake wafuatiliwe kwa siku 21.