Barua kwa mwanangu: mzee aliyeacha kusali

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Umeniuliza kuhusu yule mzee wa kwetu aliyeletwa katika nyumba ya wazee unakofanya kazi huko Leicester, Uingereza, ambaye zamani alikuwa akiwasalisha watu, na sasa, tangu ahamie, hasali, hataki kusikia Kurani, na husema Mungu amemtupa. Unataka kujua kama umrudishe kwenye dini au umwache na huzuni yake.

Miaka niliyowauguza wazee hapa Unguja ilinifundisha nisiharakishe kusema kwamba mtu amepoteza imani. Kwanza angalia nguo zake. Mzee aliyeishi umri wake wote akistanji, yaani kujisafisha kwa maji baada ya haja, na kutawadha, leo anavishwa nepi na kijana wa rika la mjukuu wake, na mkojo humtoka bila kujua. Huyo huenda hamkatai Mungu, bali anaona haya kusimama mbele Yake akiwa na najisi, na kwa kuwa haya hiyo haitamkiki, hutamka neno jingine lililo kubwa zaidi.

Hapo fikihi kidogo, yaani elimu ya sheria za ibada, hufaa kuliko mawaidha. Katika madhehebu yetu ya Shafi, asiyeweza kuzuia mkojo hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kisha husali papo hapo, na kinachomtoka baada ya hapo hakimharibii sala hiyo. Asiyeweza kusimama husali ameketi. Asiyeweza kuketi, hulala kwa ubavu. Yeye anayajua hayo, ila mwalimu naye husahau kwamba ruhusa aliyowapa wagonjwa wa mtaani kwake ni yake pia. Kwa hiyo usimfundishe. Muulize kama mwanafunzi: "Shekhe, mgonjwa wa hali hii hutawadhaje?" Kisha upange kazi zako ili umbadilishe nepi adhuhuri inapoingia, umwekee maji, na kiti chake ukielekeze kusini-mashariki, ambako ndiko kibla kilipo kwa mtu aliye Uingereza.

Lile neno la kutupwa na Mungu usilidharau. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Kenneth Pargament na wenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili wagonjwa 596, wenye umri wa kuanzia miaka 55, waliokuwa wamelazwa hospitali. Waliohisi kwamba Mungu amewaacha walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki, hata ugonjwa wao ulipozingatiwa. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema dini ni dawa ya kumzoesha mzee makao mapya, kwani kwa wengine hapo ndipo kilipo kidonda chenyewe.

Na yule bibi Mkatoliki uliyemtaja kwa mstari mmoja tu: rozari yake isifungiwe kabatini pamoja na pete na saa. Najua vitu hupotea katika nyumba hizo, lakini muiweke mkononi mwake usiku unapoingia.

Nijulishe shekhe atakavyokujibu.

Mama yako