Kava imekuwa kachumbari, nifanyeje?

Mbukwenyi wasomaji! Toleo hili maswali ya picha yamekuwa mengi kuliko ya simu kuzima zenyewe, nimechagua matatu. La kwanza nimelijibu kwa urefu mana naona linawasumbua wengi.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ndo katibu wa kikundi chetu cha wakina mama huku Mpunguzi, tuko 11, tunalima zabibu, nyingine tunakausha nyingine tunakamua juisi. Tumefungua peji Facebook, nikapewa kazi ya kutengeneza kava (ile picha kubwa ya juu ya peji) ya picha nyingi zilizochanganywa na kupambwa. Nimetumia laptopu ya mwanangu, ina GIMP, ile programu ya kuhariri picha. Nikaweka picha 14, kila mama lazima aonekane si unajua tena, nikaongeza maua ya waridi kwenye kona na jina la kikundi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kwenye laptopu imependeza, ila kwenye simu jina limeliwa herufi za mbele na mwenyekiti hayupo kabisa! Kaninunia mpaka leo. Nimekosea wapi?
Katibu, Mpunguzi

JIBU: Pole sana dada katibu, kununiwa na mwenyekiti sio mchezo hasa kama ndo anashika na funguo za stoo. Ila usijione mjinga, mimi mwenyewe niliwahi kutengeneza kava ya sendofu moja hapa Area C, bibi harusi nikamuweka pembeni kabisa ili pazia lionekane, watu wakafungua kwenye simu wakakuta pazia na sikio.

Iko hivi. Facebook inaonyesha kava ileile kwa vipimo viwili, kwenye kompyuta ni pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 820 kwa 312 na kwenye simu ni 640 kwa 360. Maana yake simu inakata pembeni, kompyuta inakata juu na chini. Sasa we fungua karatasi mpya ya 1640 kwa 720, yani mara mbili ya upana wa kompyuta (820) na ya urefu wa simu (360) ili isionekane na ukungu, alafu vuta mistari ya mwongozo kutoka kwenye zile rula za juu na kushoto: acha pikseli 180 kila upande na pikseli 48 juu na chini. Ndani ya hiyo mistari inabaki 1280 kwa 624 na hapo ndo nyumbani kwa sura za watu na maandishi. Nje yake weka majani, udongo, anga, vitu ambavyo vikikatwa hakuna atakayenuna. Na kile kiduara cha profaili kinapandia kava kwa chini, kwahiyo jina la kikundi lipandishe juu kidogo.

Hilo ndo la mwenyekiti. Ila naomba nikwambie ukweli, hata asingekatwa kava yako ingekuwa kachumbari tu. Picha 14 ukizipanga mstari mmoja kwenye pikseli 1280, kila moja inapata pikseli 91 hivi, kwenye simu hiyo ni ndogo kuliko kucha ya kidole gumba, mama mwenyewe hatajitambua labda kwa kitenge. Mimi ningefanya hivi: waiteni wote 11 shambani kwenye saa kumi na moja jioni, msipige saa saba mana jua letu la Dodoma linaweka kivuli cheusi machoni kila mtu anaonekana kama hajalala, pigeni picha moja ya pamoja, mwenyekiti katikati. Hiyo ndo picha kubwa, ichukue zaidi ya nusu ya kava. Alafu ongeza tatu ndogo tu: kichala kikiwa bado kwenye mzabibu, zabibu zikianikwa, na chupa za juisi. Hapo umemaliza siasa za kikundi na umemaliza na dizaini.

Kuziingiza, bonyeza Ctrl, Alt na O kwa pamoja, uzichague zote, kila moja inakuja kama leya yake. Leya ni kama karatasi za nailoni zinazopita mwanga, ya juu inafunika ya chini. Kupunguza ukubwa ni Shift na S, hapo hakikisha kile kiminyororo kati ya upana na urefu kimefungika la sivyo wakina mama watarefuka kama milingoti. Kusogeza ni herufi M.

Utamu wenyewe wa kuunganisha picha bila kuonekana zimebandikwa uko kwenye maski, yani kifuniko cha leya kinachoamua wapi ionekane na wapi ifichwe. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya leya, uiongezee maski nyeupe, bonyeza D ili rangi zirudi nyeusi na nyeupe, kisha G upate kile kifaa cha kumwaga rangi inayofifia, uvute kutoka ukingoni mwa picha kuelekea ndani. Palipo peusi picha inapotea, palipo peupe inabaki, katikati inayeyuka taratibu kama vumbi la barabarani linavyotua. Ukikosea unapaka tena nyeupe inarudi, hakuna kilichofutwa. Wengi wanatumia raba kufuta kingo, sikushauri kabisa, raba ikishakula na ukafunga programu ndo imetoka hiyo.

Kuna tatizo lingine hujaniuliza ila nalijua lipo: picha zimepigwa kwa simu tofauti, moja ya njano, moja ya bluu, nyingine imepauka. Weka leya mpya juu ya zote, ijaze rangi moja, mimi kwa huku kwetu napenda ule wekundu wa udongo, alafu ishushe nguvu mpaka kama asilimia 12. Picha zote zitaanza kufanana kama ndugu. Ukiona bado, zile tatu ndogo zigeuze nyeusi na nyeupe, ya kundi ndo ibaki na rangi.

Na hayo maua ya waridi dada yangu, toa. Nyie ni watu wa zabibu, waridi linatafuta nini? Chuma jani la mzabibu, liweke juu ya karatasi nyeupe kivulini, lipige picha. Kwenye GIMP iongezee ile leya alfa (Alpha Channel, yani uwezo wa kuwa wazi) kwanza (bila hiyo ukifuta inajaa rangi badala ya kuwa wazi), bonyeza U upate kifaa cha kuchagua eneo la rangi inayofanana, bofya kwenye weupe, futa. Jani limebaki peke yake. Linakiliwe mara tatu nne, lingine uligeuze kwa Shift na F, upambe kona mbili zinazotazamana, sio zote nne, kona nne inakuwa kadi ya harusi.

Ukimaliza seivu kawaida upate faili la XCF, hilo linatunza leya zote, msimu ujao mkibadilisha picha huanzi moja. La kupandisha Facebook unalitoa kwa Ctrl, Shift na E, na kwa vile lina maandishi chagua aina ya faili ya PNG, herufi hazichafuki kingo. Ukimtumia mwenyekiti kwa WhatsApp aione kwanza, tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa.

SWALI: Fundi, kava yangu ya 1640 nataka niiprinti bango la mita 3 tuliweke kwenye banda letu la Nanenane pale Nzuguni. Itakubali?
Mjasiriamali, Nzuguni

JIBU: Itaprintiwa, ila utajuta. Mita 3 ni inchi 118 hivi, pikseli 1640 ukizigawa hapo unapata 14 kwa kila inchi, sura zitaonekana kama vigae. Anza faili jipya lenye upana wa pikseli kama 8,500 na urudie kwa picha zenyewe za kwenye simu, sio zile zilizopita WhatsApp. Usiikuze hiyo ndogo, kukuza hakuongezi kitu ni kuvuta chapati.

SWALI: Mimi sina kompyuta, nina simu tu, ndo basi?
Mwanafunzi, Kongwa

JIBU: Hapana mdogo wangu. GIMP ni ya kompyuta lakini kuna app ya simu inaitwa Snapseed, ni ya bure na ina sehemu ya kulaza picha moja juu ya nyingine. Canva, app nyingine ya kutengeneza dizaini, nayo ina leya na fremu, ila kula bando itakula. Vile vipimo nilivompa katibu vitumie vilevile, na kabla hujapandisha iangalie kwenye simu ya mtu mwingine mwenye skrini ndogo kuliko yako.