Kodi ya nyumba usitoe mkononi bila karatasi

Dada yangu ulouliza ubaya uko wapi kumlipa mwenye nyumba keshi, ubaya si keshi, ubaya ni kutoandikiana. Mie nlikuwa nimepanga nyumba Mwanakwerekwe, Unguja, kila miezi sita nampa mzee wa watu pesa zake mkononi, tunaaminiana, risiti naona haya hata kumuomba, akafariki Mungu amrehemu, warithi wakaja wananambia nnadaiwa miezi mitatu na mie sina hata kijikaratasi, nkalipa tena huku nalia. Skuizi natuma kwa simu au nnaweka benki ya PBZ kwenye akaunti ya mwenye nyumba, ule ujumbe naupiga picha nauhifadhi. Makato yapo na yanauma kweli, lakini kulipa mara mbili kunauma zaidi.

Kama wako hataki ila keshi basi nunua daftari, aandike tarehe, kiasi, na ni ya miezi gani, msaini nyote na shahidi awepo. Wala usione unamvunjia heshima, Suratul Baqara aya ya 282 imetwambia deni tuandikiane na tuweke mashahidi. Na mkataba mpelekeeni sheha wenu, yule kiongozi wa serikali hapo mtaani, auone kabla hujahamia.